Uliza Kocha: Ziwa Likichafuka Asubuhi ya Mashindano

Tangu masika yaanze, barua zinazonifikia ni za mvua, upepo na radi tu. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, na wanaongoja majibu ya lishe wanisamehe hadi toleo lijalo.

Kocha, salamu kutoka Nyalenda. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 34. Mwezi wa nne nilishiriki triathloni yangu ya kwanza, ile fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Nilifanya mazoezi miezi mitano bwawani, napumulia upande wa kulia kama nilivyofundishwa, na mita 750 nilikuwa nazimaliza kwa dakika 19. Siku yenyewe tulitakiwa kuingia ziwani saa moja asubuhi. Mara mashua ya waokoaji haijafika, mara orodha ya majina haionekani, tukaanza saa nne na nusu. Upepo ulikuwa umeshaamka. Boya la kwanza nililifikia kwa shida lakini nililifikia. Tulipogeuka kushoto nikameza maji mara tatu mfululizo, kifua kikabana, nikashika kayaki ya mwokoaji na kukaa hapo kama dakika mbili nikikohoa. Kisha nikaendelea, nikamaliza mashindano yote nikiwa wa tatu kutoka mwisho. Sasa mwenzangu wa mazoezi anawaambia watu kwamba nilibebwa na kwamba matokeo yangu si halali. Mbio nyingine ni Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika. Nijitoe? — Aliyemeza Ziwa

Mwalimu, kwanza tummalize huyo mwenzako. Kanuni za World Triathlon, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani, zinamruhusu mshindani aliyechoka kushika boya au chombo kilichosimama, apumue. Kinachokatazwa ni kukitumia chombo hicho kusonga mbele. Wewe ulishika, ukakohoa, ukaachia, ukaogelea mwenyewe hadi ufuoni. Matokeo yako ni halali sawasawa na ya aliyeshinda. Mwambie aitafute kanuni aisome, na akimaliza akununulie soda.

Sasa, barua yako ina mambo mawili ambayo wewe umeyapita mbio, mimi yamenisimamisha. La kwanza ni hiyo saa nne na nusu. La pili ni hapo unaposema mligeuka kushoto.

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa mbuta, na mashua yake haikuwa na injini. Alitoka kabla ya alfajiri upepo wa nchi kavu ukimsukuma kwenda ndani, akarudi baada ya adhuhuri upepo wa ziwa ukimleta nyumbani. Mama alijua wakati wa kuinjika maji ya ugali kwa kutazama nguo kwenye kamba. Zikipepea kuelekea ziwani, bado. Zikigeuka kuelekea mjini, mzee yuko njiani. Nilikuja kujifunza sababu yake nikiwa mtu mzima: usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa ikatiririka kwenda ziwani; mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, na hewa ikarudi kutoka ziwani kuja kwetu. Hapa Kisumu, siku ya kawaida, mgeuko huo huja kuanzia saa nne hivi au saa tano. Kwa hiyo mbio za saa moja na mbio za saa nne na nusu ni mbio mbili mbalimbali, hata kama boya halijasogezwa hata mkono mmoja.

Halafu Ghuba ya Winam, pembe hii ya Ziwa Victoria tunamoogelea, ina kina kifupi. Mawimbi ya Mombasa ni marefu, yanakuinua na kukushusha kama mtu anayebembeleza mtoto. Ya kwetu ni mafupi na yanafuatana karibu karibu. Lililokupiga halijapita, mwenzake amefika. Ulipotoka ufuoni yalikujia usoni, ukayaona. Ulipogeuka kushoto, ziwa lote likawa upande wako wa kulia, na kulia ndiko unakopumulia. Kila ulipofungua mdomo, wimbi lilikuwa mlangoni.

Dawa yake ni kujifunza kupumulia pande zote mbili, na una miezi ya kutosha. Wiki mbili za kwanza utajiona kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Vumilia. Ukishazoea, waombe watoto wawili wa bwawani wasimame kandokando yako na vibao vya kuogelea, wakupigie maji usoni unapopita. Wataifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko kazi yoyote uliyowahi kuwapa. Lingine ni kutoa pumzi yote ukiwa bado umezamisha uso. Wengi wanaodhani wamekosa hewa majini wamejaa hewa chafu ambayo hawakuitoa, na mdomo ukifunguka hamna nafasi ya kuingiza nyingine.

Usitafute boya kwa macho wakati uko chini ya wimbi. Ngoja likuinue ndipo utazame. Na kabla hujaingia majini chagua alama iliyo juu nyuma ya boya, kwa sababu boya litapotea mara kwa mara. Mimi nikirudi ufuoni hutazama vilima vya Riat. Wimbi halijawahi kunifichia Riat. Mikono nayo, iinue juu zaidi kuliko bwawani, na mipigo iwe mifupi na ya haraka kidogo. Ule mtelezo mrefu wa kupendeza tunaofundishwa bwawani, wimbi la ubavuni linaukata katikati.

Naona pia umekuwa ukitazama video za Ulaya, maana katika sehemu ya barua niliyoipunguza umeniuliza kuhusu suti ya mpira. Suti hiyo humwelesha mtu, ni kweli, lakini kwa washindani wa kawaida kama mimi na wewe hairuhusiwi maji yakizidi nyuzi 22, na maji ya ghuba yetu ni ya moto kuliko hapo. Huku kwetu utaelea kwa mapafu yako mwenyewe. Weka pesa zako.

Kifua kubana sitakipita kimzaha. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya vifo na visa vya moyo kusimama katika triathloni za huko kuanzia 1985 hadi 2016. Walipata visa 135, na zaidi ya nusu vilitokea majini. Kwa hiyo kabla ya Novemba nenda upimwe moyo na shinikizo la damu, hata kama unajiona mzima. Siku ya mashindano ingia majini mapema, zamisha uso, ogelea kidogo mpaka pumzi itulie, kisha ujipange nyuma au pembeni, wenye haraka wapite. Kifua kikibana tena, geuka ulale chali na uinue mkono mmoja juu. Usisubiri mpaka uaibike.

Umeniuliza ujitoe au usijitoe. Leo usijitoe. Leo chukua karatasi uandike ni mambo gani yatakayokutoa siku hiyo, uyaandike ukiwa umekaa sebuleni na chai, kwa sababu ukiwa umevaa namba hutaweza kufikiri. Yangu mimi ni haya: nikisimama ufuoni nisilione boya la kwanza, siingii. Vyombo vya waokoaji visipokuwa tayari majini, siingii, hata kipyenga kikilia. Nikisikia radi, siingii. Gugumaji likisukumwa na upepo likafunga njia ya kurudi, siingii, na likinikuta ndani nalizunguka kwa mbali, silipiti katikati, maana mizizi yake hushika miguu. Wewe huenda ukaongeza lako kuhusu saa. Mashindano yakichelewa mpaka nguo kwenye kamba zigeuke, kula ndizi moja, kunywa maji, na uanze upya hesabu zako. Zile dakika 19 zisahau kabisa.

Nakwambia haya kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na karatasi. Mwaka mmoja waandalizi waliamka wakakuta upepo mkali, wakafuta kuogelea, mbio zikawa za kukimbia, baiskeli, kisha kukimbia tena. Nilipandwa na hasira. Mimi binti wa mvuvi, kuogelea ndiko nguvu yangu, na hao wakimbiaji wa kupanda milima walikuwa wanacheka meno yote nje. Nilimwendea baba, aliyekuwa amekuja kunitazama, nikamwaga malalamiko yangu yote. Aliniuliza tu, "Umehesabu mashua ngapi zimetoka leo?" Nikatazama. Zote zilikuwa zimepandishwa mchangani. Wale watu walikuwa na watoto wa kulisha siku hiyo, mimi nilikuwa na medali ya bati.

Kwa hiyo Novemba ukifika ufuoni, kabla ya kumsikiliza mwamuzi, hesabu mashua.

Kocha, mimi ni kijana wa Section 58, Nakuru. Nitakuja Kisumu Novemba kwa mara ya kwanza. Nina baiskeli ya mbio ya mitumba, breki zake ni zile za kubana rimu. Wenzangu wanasema nipulize matairi yawe magumu kama jiwe ndiyo yakimbie, mvua inyeshe isinyeshe. Ni kweli? — Mwenye Haraka

Si kweli, Mwenye Haraka. Kwenye lami iliyolowa tairi gumu kama jiwe hugusa barabara sehemu ndogo na hurukaruka. Kama siku kavu unapuliza paundi 100, siku ya mvua punguza kama 10. Na utazame raba ya tairi lenyewe: mitumba mingi huja na tairi lililokauka likaanza kupasuka pembeni, na hilo hakuna upepo wa kulitibu. Nunua jipya.

Breki za rimu zikilowa, mshiko wa kwanza haushiki. Gurudumu lazima lizunguke mara moja au mbili raba zipanguse maji ndipo zianze kazi. Kwa hiyo ziguseguse mapema, maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, na kwenye kona yenyewe achia. Dakika kumi za kwanza za mvua ndizo mbaya zaidi, hasa kama kumekuwa na kiangazi, kwa sababu mafuta na vumbi vya barabarani huelea juu kabla hayajaoshwa. Mvua ikishakaa nusu saa lami huwa afadhali.

Rangi nyeupe ndiyo adui yangu binafsi. Nilikuwa na miaka 41, wa pili katika kundi langu, nikashika breki ya mbele juu ya kivuko cha miguu kilicholowa. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nikiwa nimekaa barabarani, baiskeli ikizungusha gurudumu peke yake, na mama mmoja wa mahindi ya kuchoma ananiambia kwa upole, "Pole dada, bega lako limekaa vibaya." Ulikuwa mfupa wa mtulinga. Wiki sita mkono shingoni. Tangu siku hiyo navuka rangi, vifuniko vya mitaro na reli baiskeli ikiwa wima, miguu imetulia, vidole mbali na breki. Ukiwa wapita upande wa Kibos angalia pia matope na mabua yanayodondoshwa na matrekta ya miwa. Ukitoka mjini kwenda Kisian, jihadhari karibu na uwanja wa ndege, upepo wa ziwa hukupiga ubavuni ghafla. Shika usukani kwa chini, usiubane, na usijibane karibu na lori.

Mjomba wangu alibeba abiria kwa Black Mamba mpakani Busia, enzi zile neno boda boda lilikuwa bado ni la baiskeli. Alikuwa na breki za vyuma zisizoshika hata siku kavu, na katika miaka yake yote hakumwangusha mteja. Nilipomuuliza siri yake alisema alikuwa anaanza kusimama tangu alipokuwa anaondoka. Mimi nilimcheka mpaka siku ya ule mtulinga.

Mambo madogo: ukitoka majini vidole vitakuwa vimekufa ganzi kidogo na kulowa, na helmeti lazima iwe imefungwa kabla hujaigusa baiskeli. Fanya mazoezi ya kufunga kile kibanio mikono ikiwa imetoka kwenye beseni la maji. Soksi na viatu vya kukimbilia viweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na ya karatasi itayeyuka. Waulize waamuzi kwanza kama ndoo inaruhusiwa. Nyinyi wa Nakuru mnaishi zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko kama 1,130, kwa hiyo pumzi itakuwa nyingi. Joto ndilo litakalokushangaza. Njoo siku tatu mapema kama una jamaa wa kukulaza.

Kwenye kukimbia sina la kumfundisha mtu wa Nakuru. Jipake mafuta mapajani na makwapani tu, nguo ikilowa hukwangua.

Mama Kocha, nakuandikia kutoka Kakamega, mahali ambapo radi hatuisikii kwenye redio tu. Kijana wangu wa miaka 17 ameingia mchezo huu wa baiskeli na kuogelea. Nikimkataza mvua ikianza, ananijibu kwamba matairi ni mpira kwa hiyo radi haimpati. Nimjibuje? — Mama wa Mmoja

Mama mwenzangu, mwambie kocha amesema hivi: radi imetoboa kilomita kadhaa za hewa kumfikia, haitashindwa na mpira wa unene wa kidole. Watu ndani ya gari lililofungwa huwa salama kwa sababu ya bodi ya chuma inayowazunguka; matairi hayahusiki. Baiskeli haina bodi.

Marehemu nyanya alitukataza kuvaa nyekundu mvua ikitanda, na vioo vyote vilifunikwa kanga. Nyekundu haina kosa lolote. Yenye kosa ni miti mirefu tunayokimbilia chini yake, na siku hizi mahema ya waandalizi yenye nguzo za chuma. Majini ndiko kubaya kuliko kote. Mfundishe kuhesabu: akiona mwanga ahesabu sekunde mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au chini ya hapo, atoke majini, ashuke baiskeli, aingie nyumba ya kweli au gari. Na asirudi nje mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ngurumo nyingine ikilia dakika ya 28, anaanza kuhesabu upya.

Akikuambia hiyo ni woga, mwambie kwamba kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, wanawake walicheleweshwa dakika 15 kwa sababu ya hali ya hewa, na Flora Duffy aliyesubiri pamoja nao akaipa Bermuda dhahabu yake ya kwanza kabisa. Paris 2024 wanaume walisogezwa siku nzima, kutoka Julai 30 hadi 31, kwa sababu mvua ilikuwa imeuchafua mto Seine. Alex Yee wa Uingereza akashinda vilevile. Kama hao waliweza kukaa wakangoja, wa kwetu wa Kakamega naye anaweza kukaa jikoni akamenya viazi.

Kocha, nafanya mazoezi ziwani hapa Mbita. Mvua zikinyesha maji yanakuwa ya tope. Naogopa kichocho. Nikijikausha haraka kwa taulo nikitoka, inatosha? Sijawahi kuona damu kwenye mkojo. — Mkimbiaji wa Mbita

Taulo lisikupe usingizi mnono; vijidudu vyake vinaweza kupenya ngozi ukiwa bado majini. Vinatoka kwa konokono wanaokaa penye maji mafupi na majani, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri. Ingia alfajiri, ingilia mahali penye mchanga mtupu, usisimamesimame kwenye matete ukipiga gumzo. Hatari inapungua, haiishi.

Kuhusu damu kwenye mkojo, hiyo ni dalili ya kichocho cha kibofu. Kinachotawala ziwani kwetu ni cha utumbo, na hicho huonekana kwenye choo. Dawa ni praziquantel, hutolewa kwa kupima uzito wako, na huua minyoo iliyokomaa tu, michanga huiacha. Ukimeza siku ya pili baada ya mashindano umeipoteza. Ngoja kama miezi miwili ndipo uende kupimwa, na maabara wakikupa kichupa cha mkojo peke yake, omba na cha choo.